Upande Mmoja Wazi

Barabara ya Gulu, juu kidogo ya Wobulenzi,
saa kumi na mbili kasorobo, lami bado ina umande.
Lori la mkaa limelala ubavu
na mananasi ya Ssekyewa yametapakaa hadi mtaroni,
mengine yamepasuka. Harufu tamu. Harufu ya dizeli.

Watu wamemzunguka. Mmoja ana chupa ya maji:
"Mpe anywe, nesi, koo limemkauka."
Nasema hapana. Mwingine kamshika kwapani amwinue.
Nasema mwache. Sina muda wa adabu.
Okwera, zima injini, nataka kusikia.

Kwa maana jeraha la kifua husema.
Hili lilikuwa chini ya titi la kulia, si kubwa,
upana wa sarafu ya mia tano,
na kila alipovuta pumzi, nalo lilivuta,
fsss, kama mtu anayefyonza muwa,
na kila alipoitoa, likatema povu jekundu.

Kiganja kwanza. Kabla ya mkoba, kabla ya maswali,
kiganja chenye glavu juu ya tundu,
na chini yake mbavu zikisuguana.
"Jina lako?"
"Ssekyewa Ponsiano, wa Kikoma, nani analinda mananasi yangu?"
Sentensi nzima. Niliipokea kama fedha taslimu.

Vile vifuniko maalumu vya kifua viliisha Jumanne.
Barua ya kuomba vingine iko safarini,
yaani iko mezani kwa mtu.
Nikachana mfuko wa nailoni uliofunga dripu,
upande wa ndani, ule usioguswa.
Plasta juu. Plasta kushoto, plasta kulia.
Chini nikaacha wazi,
mlango unaofunguka nje tu:
hewa itoke, isirudi.
Tukamketisha nusu, akaegemea palipoumia
ili ubavu mzima upumue kwa niaba ya wawili.

Tukaipita Bombo. Kwetu. Mama sasa hivi anapuliza jiko.
Hapo ndipo maneno yake yalipoanza kupungua.
"Mke wangu... msimwambie kwa simu..."
Kisha: "Mke."
Kisha midomo tu.

Pumzi arobaini kwa dakika, fupi, za juujuu.
Mishipa ya shingo imetutumka kama mizizi njiani.
Kulia kumevimba, hakupandi wala hakushuki.
Nikagonga, kidole juu ya kidole.
Kushoto: kifua, sauti ninayoijua.
Kulia: debe.

Debe tupu haliachi kuvuma, walisema wahenga
wakimcheka mpayukaji.
Hawakuwahi kulisikia ndani ya mtu aliyenyamaza.

"Simama, Okwera."
"Hapa? Kwenye mteremko?"
"Hapa."

Damu ilikuwa imeganda kwenye mlango wangu,
imeukomea. Hewa inaingia, haina pa kutokea,
inausukuma moyo pembeni kama mgeni asiye na haya.
Nikabandua plasta ya kushoto, nikainua nailoni
kama mtu anayefunua sufuria kuchungulia wali,
na ikatoka. Ndefu. Ya moto.
Niliisikia kwenye vinyweleo, juu ya glavu.

Sista Biira alitufundisha: usishangilie, hesabu.
Thelathini na nne.
Thelathini.
Ishirini na sita.
Shingo ikalegea. Akafumbua jicho moja,
akasema taratibu, hadi kwenye nukta:
"Nanasi kubwa ni elfu tatu. Wasiuze chini ya hapo."

Mulago wakampokea, milango ikajifunga.
Sikuambiwa zaidi; huwa hatuambiwi.
Okwera alikwangua nanasi lililosagika kwenye gurudumu
kwa kijiti, bila kusema neno.

Jioni naosha madumu uani.
Nagonga moja, nagonga la pili.
Zamzam anauliza, mama, unatafuta nini?
Lete maji, namwambia.
Jaza hili. Hili la kulia.